Klipu Ndogo, Maisha ya Mtu: Jinsi ya Kufunga Mipira ya Rejeta

Maneno yaliyoandaliwa kwa mafundi wa magari, tuktuk na jenereta wa Gatwekera, Wodi ya Sarang'ombe, Kibera.



Ndege ndogo zinazopaa kutoka Uwanja wa Wilson huonekana kutoka hapa Kibera kila siku. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa vijana wanaoshika spana mtaani wapo wanaojiuliza kama injini ya gari inaweza kurusha ndege. Swali hilo si geni Kenya. Mwaka 2010 habari zilienea za Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta kutoka Nyeri, aliyejenga ndege nyumbani kwake kwa injini ya Toyota. Kwingineko duniani wapo waliofunga injini za Subaru kwenye ndege walizojitengenezea. Hata Rotax 912 ya Austria, injini iliyozoeleka kwenye ndege ndogo, hupoza vichwa vya silinda kwa maji ya rejeta.

Anayetaka kujenga ndege aanzie kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Ndege haipai bila kusajiliwa na kupewa kibali, hata kama imejengwa uani kwa mtu. Lakini kazi ya kufunga mpira wa rejeta ni ileile kwenye ndege, matatu, tuktuk ya kupozwa kwa maji na jenereta ya kinyozi. Tofauti ni kwamba matatu ikichemka dereva huegesha kando ya Kibera Drive. Angani hakuna kando ya barabara. Tena ndege hudai nguvu zote za injini wakati wa kupaa, mwendo ukiwa bado mdogo na upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa haba. Mpira ukichomoka hapo, rubani ana dakika chache tu kabla injini haijakwama.

Kwanza, fundi aelewe kwa nini klipu ina kazi kubwa. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa takriban mita 1,700, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la karibu na hapo, na nyingine hulipita. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho huyafungia ndani kwa shinikizo. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 huyawezesha maji matupu kufika karibu nyuzi 115 hapa Nairobi kabla ya kuchemka. Kiungo kimoja kikivuja, shinikizo linapotea na faida yote hiyo inapotea nalo. Shinikizo hilohilo pia husukuma mpira utoke. Kwenye mpira wa kipenyo cha milimita 32, nguvu yake ni kama uzito wa kilo 7, saa zote injini inapofanya kazi, ikiongezewa na mtikisiko.

Pili, fundi atazame bomba kabla ya mpira. Mdomo wa bomba uwe na nundu inayouzunguka. Bomba laini lisilo na nundu halina cha kuuzuia mpira usiteleze, hata klipu ikazwe vipi. Kutu na mabaki ya mpira wa zamani yasuguliwe hadi chuma kiwe safi, bila kukikwaruza kwa kisu, kwa sababu mkwaruzo ni njia ya maji.

Tatu, mpira uwe wa kipimo cha bomba. Mpira mpana kuliko bomba haurekebishwi kwa kuzungushia vipande vya tyubu. Ukiwa mgumu kuingia, ulowanishwe kwa maji au kulanti. Oili na grisi huharibu mpira na kuuachia uteleze. Gundi ya silikoni nayo si dawa ya kiungo kibovu, maana vipande vyake hukatika na kwenda kuziba rejeta.

Nne, mahali pa klipu. Mpira usukumwe hadi uvuke nundu, kisha klipu ikae nyuma ya nundu, kwenye sehemu iliyonyooka. Isikae juu ya nundu, wala kwenye ukingo wa mpira ambako itaukata au kuteleza. Klipu mbili ni nzuri pale tu ambapo bomba lina nafasi ya kuzibeba zote mbili. Waya wa kufungia vyuma vya ujenzi haufai: hubana mahali pembamba, hukata mpira, na haulegei wala kukaza joto linapobadilika.

Klipu ya skrubu inafaa, lakini mpira hubonyea baada ya kupata joto mara ya kwanza. Kwa hiyo injini iwashwe ipate moto, izimwe ipoe kabisa, kisha klipu ikaguliwe na kukazwa tena. Kukaza kupita kiasi nako ni kosa, kwa kuwa mpira hupasuka chini ya klipu ambako jicho halioni. Klipu ya springi hujirekebisha yenyewe mpira unapotanuka na kunywea. Kwa mpira laini wa silikoni, itumike klipu yenye utando wa ndani, ili matundu ya ukanda yasiule.

Tano, mpira upewe nafasi ya kucheza. Injini hukaa juu ya mipira yake na hutikisika, ilhali rejeta imefungwa kwenye bodi. Mpira ulionyooshwa sana utavutwa kila injini inapotetemeka. Usiguse ukingo wa chuma, na uwe mbali na ekzosi.

Sita, ukaguzi. Wajenzi wa ndege wana desturi rahisi ya kuigwa: huchora mstari wa rangi unaovuka klipu, mpira na bomba. Mstari ukikatika, kitu kimesogea. Doa jeupe au la kijani lililokauka kwenye kiungo ni dalili ya kuvuja. Injini ikiwa baridi, mpira ubonyezwe kwa vidole karibu na ncha zake. Ukiwa laini kuliko katikati, unaliwa kwa ndani. Watengenezaji wa Rotax hutaka mipira ibadilishwe kila miaka 5 hata kama inaonekana mizima.

Hapa kuna mtego unaowakamata hata wazoefu. Maji yakiisha, kipima joto hubaki kwenye hewa au mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale unaoshuka ghafla usichukuliwe kuwa habari njema. Injini izimwe, na kwa wa angani, ndege itafutiwe mahali pa kutua.

Mwisho ni usalama wa majirani. Vichochoro vya Gatwekera ni vyembamba, na watoto hucheza hatua chache kutoka kwenye gereji. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi, isubiriwe ipoe. Aliyeunguzwa apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala unga, kisha apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Mbagathi. Kulanti nyingi zina ladha tamu, lakini ni sumu kwa binadamu na mnyama. Isiwekwe kwenye chupa ya soda, na isimwagwe mtaroni.

Klipu haimgharimu mtu kama inavyomgharimu silinda hedi iliyopinda, na injini iliyokwama angani hailipiwi kwa pesa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kila fundi, kabla ya kumrudishia mteja funguo, aguse kila klipu aliyoifunga kwa mkono wake.