Mikono Iliyokwisha Kunawa

 Tuko Port Reitz, upande wa bara wa Mombasa, mahali ambapo mahubiri hulazimika kungoja. Ndege zinazotua Uwanja wa Moi hupita karibu na mapaa yetu. Mhubiri hunyamaza, watoto hutazama juu, kisha tunaendelea pale tulipoachia.

Kila mtu ana kijitabia chake. Sisi wenyewe, tukiisha kuufunga mlango wa kanisa, hurudi na kulivuta kufuli. Twajua limefungwa, tumelisikia likilia, lakini twalivuta tena, halafu twaenda nyumbani kula. Yuko mzee wa kanisa ahesabuye sadaka mara tatu, na ile ya tatu huanzia sarafu badala ya noti. Yuko mama asiyeweza kutoka uani mpaka mistari ya ufagio yote ielekee upande mmoja. Tukimcheka, naye hucheka. Hapo hakuna ugonjwa. Hesabu za kanisa letu, kwa kweli, zimefaidika sana kwa mzee yule.

Lakini leo twataka kusema habari za mama mwingine. Ametupa ruhusa, ila jina lake tunaliweka.

Alikuwa mtu wa kutumainiwa katika chama cha akina mama. Huku kwetu, kama sehemu nyingi za Mombasa, mabomba hukauka siku nyingi, na maji hununuliwa kwa madumu kutoka kwa wenye mikokoteni. Mumewe, afanyaye kazi bandarini, ndiye aliyetangulia kuona kwamba madumu yanakwisha upesi kupita kiasi. Alidhani watoto wanachezea maji. Kumbe ni mikono ya mama yao. Alikuwa akinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akikosea hesabu anaanza upya, na ngozi ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mtu atembeaye peku. Jumapili aliamka saa kumi alfajiri ili awahi ibada ya saa tatu, na bado ibada ilikwisha yeye yuko kwenye beseni.

Alitueleza sababu baada ya muda mrefu, kwa kunong'ona. Siku moja, wakati wa Ushirika Mtakatifu, neno chafu juu ya Roho Mtakatifu lilimpita moyoni. Hakulitaka. Lilimtia kichefuchefu. Akajiambia kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kunyosha mkono kupokea mkate, labda akitakata kwanza. Neno likarudi, naye akanawa. Likarudi tena.

Sasa tuseme kosa letu. Alipokuja Jumatatu tulimfungulia Maandiko, tukamwonyesha kwamba dhambi ile aiogopayo si wazo lipitalo kwa mtu alichukiaye, tukaomba naye. Akaenda akiwa na furaha. Jumatano akarudi na swali lile lile. Tukajibu. Halafu ikawa simu: "Mchungaji, una hakika nimesamehewa?" Ndiyo, mama. "Hata kama lile neno limerudi usiku?" Ndiyo. Siku moja alitupigia mara kumi na moja. Tulijisifu kwamba tu wachungaji wavumilivu. Hatukujua kwamba tulikuwa tumekuwa beseni la pili. Kila jibu letu lilimtuliza kwa nusu saa, na baada ya nusu saa alihitaji jibu jingine, kama mtu alipaye riba ya deni ambalo halipungui.

Wakati huo huo shangazi yake alisema ni majini. Wengine walimpeleka kwenye mkesha, akaambiwa aungame alichoficha. Hakuwa ameficha kitu. Akaungama vitu ambavyo hakutenda, ili wamwache alale.

Wengi pwani wakisikia jina Port Reitz hufikiria wodi ya wagonjwa wa akili, kama watu wa Nairobi wanavyofikiria Mathari. Sisi tukaao hapa twajua kwamba hospitali hii huzalisha akina mama na kutibu malaria kama nyingine. Lakini ni kweli kitengo cha afya ya akili kipo, na kwa ajili ya fedheha ya jina hilo mama yetu alikaa nyumbani karibu miaka miwili, akiwa na hospitali ya kwendea kwa miguu. Sisi wachungaji pia hatukumwambia aende. Tuliona aibu kwa niaba yake.

Mwishowe mumewe alimpeleka. Mhudumu hakumwuliza ametenda dhambi gani. Alimwuliza ni saa ngapi kwa siku zapotea katika kunawa na kuomba upya. Saa tano, akajibu. Akaulizwa, je, ukinawa unapata raha? Akasema hapana, ila hofu inapumzika kidogo. Na usiponawa? Akaanza kulia.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo mpaka ulipo. Aliyefagia uani hufurahia mistari yake, na mvua ikinyesha husema ah, basi. Mgonjwa hafurahii. Mara nyingi ajua kabisa kwamba jambo lenyewe halina maana, naye hawezi kuliacha. Wataalamu hutazama muda, kama vile zaidi ya saa moja kila siku. Hutazama pia mateso anayoyapata, na kama kazi, nyumba na ibada vinaharibika. Wazo baya lenyewe si dalili. Mwaka 1978 watafiti wawili, Rachman na de Silva, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wengi walio wazima hupatwa na mawazo yale yale ya kutisha: kumsukuma mtu majini, kutukana mahali patakatifu. Nani kati yetu hajasimama ukingoni mwa feri ya Likoni akapitiwa na wazo asilolipenda? Mtu mzima huliacha lipite. Mgonjwa hulikamata na kulihoji, na kadiri anavyolihoji ndivyo linavyorudi.

Lugha yetu imelijua jambo hili zamani. Neno wasiwasi tulilipata kwa Kiarabu, na jirani zetu Waislamu humjua mtu mwenye wasiwasi wa udhu, arudiaye kutawadha mpaka swala impite. Mashehe wao humkanya asirudie. Tungaliwauliza jirani, tungalijifunza upesi zaidi.

Na kanisa letu wenyewe je? Mwaka 1692 John Moore, askofu wa Norwich huko Uingereza, alihubiri mbele ya Malkia Mary habari za waumini wanaojiwa na mawazo ya kufuru katikati ya sala. Alisema huwapata watu wema, kwamba asili yake ni maradhi ya mwili, na kwamba wasishindane nayo kwa nguvu, maana yakipigwa hukua na yakipuuzwa hufifia. Ni zaidi ya miaka mia tatu sasa! Sisi tulisoma chuo cha theolojia, tukafanya mtihani wa historia ya kanisa, na jina la askofu huyo hatukulisikia.

John Bunyan, yule aliyeandika habari za Msafiri, aliandika pia maisha yake mwenyewe, kitabu kilichotoka mwaka 1666. Alipenda kupiga kengele za kanisa kijijini kwao Elstow, kisha akaona ni ubatili, akaacha, lakini akawa anakwenda kutazama wenzake wakipiga. Likamjia wazo: je, kengele ikianguka? Akasimama chini ya boriti. Je, ikigonga ukuta na kumrudia? Akasimama mlangoni. Je, mnara wote ukianguka? Akakimbia. Sisi wa Mombasa tulio na Kengeleni yetu kule Freretown twaweza kumwona mtu huyo, akirudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwa kengele ambayo haijamtenda neno. Hatuwezi kumpima marehemu. Ila mama yetu tulipomsimulia, alisema, "Huyo ananijua."

Dawa zipo. Alipewa fluoxetini, akaonywa kwamba huchukua majuma mengi kabla ya kuonyesha kazi yake, na kwa kweli majuma manne ya kwanza alitaka kuitupa. Pamoja na dawa yalikuwako mazoezi, ya namna iliyoanzishwa London na Victor Meyer katika miaka ya 1960: mgonjwa hugusa kile akiogopacho, kisha haoshi. Anangoja. Hofu hupanda, hukaa, halafu hushuka yenyewe. Alianza na kitasa cha mlango, dakika tano. Baadaye kumi. Baadaye kufungua Kitabu cha Sala bila kunawa.

Na kwetu ulikuja ujumbe: mchungaji aache kujibu. Ilitushinda kuelewa. Je, mchungaji amnyime kondoo neno la faraja? Tukafikiri juu ya ibada yetu. Maungamo husemwa mara moja, ondoleo la dhambi hutangazwa mara moja, kisha twaendelea na sifa. Kasisi hageuki kuuliza kama kila mtu amesadiki. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, asema juu ya moyo unaotuhukumu, na Mungu aliye mkuu kuliko moyo huo. Hasemi kwamba moyo utanyamaza kwanza. Basi tukapatana na mama, mumewe akiwapo. Akiuliza, tutasema, "Hilo ni lile swali, mama, twakupenda, hatulijibu." Siku ya kwanza alikata simu kwa hasira. Sisi nasi hatukulala.

Wewe uliye na mtu kama huyu nyumbani, usimcheke, na usimwapie mara mia. Nenda naye kituo cha afya, ueleze saa zinazopotea. Kwa makasisi wenzetu tunaongeza jambo moja: mtu akirudi na ungamo lile lile mara ya tatu ndani ya juma moja, shaka isiwe juu ya imani yake.

Hajapona kabisa. Ziko siku madumu bado hukwisha mapema. Lakini Jumapili moja mwaka huu alisimama kwenye mstari pamoja na wengine, na njiani alikuwa amepeana mikono na watu wapatao ishirini, kwa maana alichelewa kidogo akapita mlangoni wakati wa salamu ya amani. Bomba la kanisa liko nje, upande wa kulia. Hakulitazama. Alipiga magoti, akaweka kiganja kimoja juu ya kingine, na vidole vilikuwa vikitetemeka. Alituinulia macho, nasi tulilijua swali lake. Tukampa mkate kwa maneno yale yale tunayompa kila mtu, tukaenda kwa aliyefuata.

Muda wetu umekwisha. Kwaherini.