Mkoa Unavyojipanga Kabla ya Maafa



Tumeombwa kueleza jambo ambalo wengi huliuliza wakati maji yamekwisha kuingia ndani: ni nani hupanga, hupanga nini, na pamoja na nani, kabla maafa hayajaufikia mkoa. Tutalieleza kwa tukio ambalo wakazi wa pwani ya kusini wanalikumbuka vema.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilikuwa baharini kikielekea pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mapema, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na tarehe 4 kimbunga kikapoteza nguvu kilipofika kisiwani Mafia. Upepo uliondoka, mafuriko yakabaki. Eneo la Somanga, wilayani Kilwa, maji yaliikata barabara iendayo Lindi na Mtwara. Aliyekuwa kusini alibakiwa na njia ya Masasi, Tunduru na Songea, ambayo humfikisha msafiri Makambako kabla hajaanza kurudi upande wa pwani.

Kukarabati barabara ile ni kazi ya TANROADS. Lakini tazameni ni wangapi waliokuwa wakiitegemea. Dizeli ya jenereta la hospitali hupita humo. Pampu ya maji huhitaji umeme, na fundi wa umeme huhitaji nguzo zinazoletwa kwa lori. Mnara wa simu umeme ukikatika huishi kwa betri, kisha kwa jenereta, nalo hurudi kuomba dizeli ileile. Kila taasisi inaweza kuwa na mpango wake mzuri, na yote ikashindwa siku moja kwa sababu kila mmoja alidhani barabara itapitika.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya Taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Katika mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa, hukutana watu ambao siku za kawaida kila mmoja ana ofisi yake: Polisi, Zimamoto na Uokoaji, waganga, wahandisi wa barabara, watu wa maji na wa umeme. Vikao hivyo havina mvuto, tunakiri; hakuna apigaye picha watu wakihesabu maturubai. Hata hivyo, humo ndimo huamuliwa shule ipi itapokea waliohama, mitambo ya kusafisha barabara iko wapi, na pampu ipi irudishiwe umeme kwanza. Kwa maoni yetu, karatasi moja yenye namba za simu zilizohakikiwa mwezi huu ina thamani kuliko kitabu kinene cha mpango ambacho hakijafunguliwa tangu kizinduliwe.

Hatari nazo hutofautiana. Mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh. Mpango uliofikiria mafuriko ya mtoni peke yake usingefaa pale. Huko Rufiji na Kibiti, ambako maji yalifunika mashamba na makazi wiki chache kabla ya Hidaya, swali ni jingine. Juu ya mto lipo Bwawa la Julius Nyerere, na chini yake wapo wakulima. Anayesimamia milango ya bwawa na viongozi wa wilaya hizo hawana budi kukubaliana mapema: taarifa itolewe saa ngapi kabla ya maji kufunguliwa, nani aipeleke kijijini, na kwa njia gani iwapo simu hazishiki.

Sasa upande wenu. Taarifa za hali ya hewa zina ngazi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mwonapo chungwa, chajini simu, wekeni akiba ya maji ya kunywa, na msisubiri nyekundu ndipo mwanze kutafuta nyaraka zenu. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. 112 ni ya Polisi.

Kuhusu bei, tunasisitiza zaidi, kwa kuwa ndipo malalamiko huzaliwa. Barabara ikikatika, yupo muuzaji atakayesema kuwa taratibu zimesimama. Hazijasimama. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hazifutwi na mvua. Daini risiti ya mafuta, na kwenye basi daini tiketi inayoonyesha kiasi halisi mlicholipa. Bila karatasi hiyo, ni vigumu mamlaka yoyote kuwasaidia baadaye.

Na katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji, muulizeni mwenyekiti maswali haya: kamati yetu ya maafa ni akina nani, tukihamishwa tunakwenda jengo lipi, na ufunguo wa jengo hilo anao nani usiku? Jibu la swali la mwisho liandikeni, pamoja na namba ya simu ya huyo mwenye ufunguo.