TAPETI HUPIMWA MASHINE IMEPOA
Maelezo kwa wanachama wa ushirika, Sapiwi

Wengi mmetuuliza kwa nini siku ya tapeti mashine ya kusaga haiwashwi asubuhi, na huku foleni ya mahindi na mtama imefika mlangoni. Wengine mnasema, "Fundi afanye chapuchapu, injini ikipumzika kidogo inatosha." Haitoshi, ndugu zetu. Sababu ni hizi.

Chuma kikipata moto hurefuka. Kipande cha chuma cha milimita 100 kikiongezewa joto la nyuzi 100, hurefuka kiasi cha milimita 0.12. Jicho halioni. Lakini nafasi ya tapeti kwa injini nyingi ndogo za dizeli ni kati ya milimita 0.20 na 0.50 tu! Kwa hiyo fundi akipima kwa moto namba iliyoandikwa kwa baridi, amepima uongo.

Valvu ziko mbili. Ya kuingiza hewa hupozwa na hewa mpya. Ya ekzosi hupitiwa na moshi wa moto, na kichwa chake huweza kupita nyuzi 600. Ndiyo maana injini nyingi huipa ekzosi nafasi kubwa zaidi.

Nafasi ikiwa ndogo mno, valvu ikirefuka haikai sawasawa kwenye kiti chake. Na valvu hupoa kwa kugusa kiti. Isipogusa, moto unapenya pembeni, valvu inaungua, kompresheni inakwisha, mashine haiwaki. Nafasi ikiwa kubwa mno, mashine inagonga ta-ta-ta na nguvu inapungua. Hapo tusidanganyike: iliyolegea inajitangaza, iliyobana inakaa kimya. Mashine kunyamaza siyo uzima kila mara.

Je, kwa jua letu hili la kiangazi tulegeze zaidi? Hapana. Kutoka nyuzi 20 za alfajiri hadi 35 za mchana ni nyuzi 15 tu. Kipande kile cha milimita 100 hakirefuki hata sehemu 2 za 100 za milimita. Joto la kuogopa ni la ndani ya injini, hasa maji ya kupoza yakipungua.

Basi utaratibu ni huu:

1. Mashine ilale usiku mzima. Kama kitabu cha injini kinasema ipimwe kwa moto, tufuate kitabu.
2. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka pistoni iwe juu na valvu zote mbili zimefunga.
3. Legeza nati, ingiza fila ya namba ya kitabu. Ipite kwa kukwaruza kidogo, isibanwe, isipwaye.
4. Kaza nati, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huweza kubadili nafasi.
5. Mwendesha mashine aangalie maji kabla ya kuwasha na wakati wa kazi. Injini ikichemka, asimwage maji baridi ghafla. Silinda hedi inaweza kupasuka.

Ndugu wanachama, siku ya tapeti ikitangazwa, leteni nafaka jana yake. Akina mama ndio wanaobeba ndoo kichwani kwenda kusaga mbali mashine ikifa. Asubuhi moja ya kungoja ni nafuu kuliko wiki nzima za kutafuta valvu mjini Bariadi. Fundi asiharakishwe.


Kamati ya Mashine