Upande wa Ndani: Kubadilisha Vibao vya Mpini wa Kisu cha Mfukoni kwa Mpingo



Kisu kilichonipa mada hii kililetwa na mteja kikiwa kimeviringishwa kwenye leso. Kilikuwa Victorinox, kile chekundu chenye msalaba, urefu wake milimita 91. Kibao kimoja cha mpini kilikuwa na ufa, cha pili kimepotea, vichwa vya ribiti viko nje. Bapa lilikuwa zima. Mzee alitaka mpingo, nami nikamwambia apite Jumamosi. Alipopita, mpingo ulikuwa unang'aa kama kioo, na kisu hakifunguki.

Gundi ilikuwa imepenya kwenye springi. Nilikuwa nimetumia siku mbili kung'arisha uso wa nje na dakika kumi tu kwa uso wa ndani. Tangu siku hiyo nimekigeuza kipimo hicho, na ndilo jambo nililokuja kulisema.

Kabla ya hapo, neno moja kwa wanaosema kwamba kumvisha Mswisi mbao ni kumharibu. Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alianza kazi ya visu Ibach, jimbo la Schwyz, mwaka 1884, na visu vya askari alivyolipatia jeshi la Uswisi kuanzia 1891 vilikuwa na mipini ya mbao. Kisu cha maofisa kilisajiliwa Juni 1897. Plastiki nyekundu tunayoijua ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo anayeomba mbao hajaomba kitu kigeni.

Tofauti ya mbao na plastiki ni namna kibao kinavyoshika. Ribiti za shaba hupita katikati ya kisu chote, na vichwa vyake huchomoza kidogo kila upande, juu ya bati la alumini. Kibao cha plastiki kina matundu kwa ndani; ukikibana, plastiki inanepa, inavimeza vichwa, basi. Hakuna gundi. Kukitoa ni kuchomeka wembe mpana kwenye ukingo na kukibembeleza taratibu. Mpingo haunepi. Ukiulazimisha hivyo, utasikia mlio mdogo, na ufa utauona baadaye.

Basi tuanze na mti wenyewe. Mpingo ni mzito kuliko maji. Kipande ukikitupa kwenye ndoo kinakwenda chini. Ndiyo sababu watengenezaji wa klarineti wa Ulaya wanautaka. Kwetu sisi uzuri wake ni kwamba kazi hii haihitaji gogo. Vipande wanavyotupa wachonga vinyago vinatosha vibao kadhaa, mradi uchague moyo mweusi na uepuke ile sehemu ya nje yenye rangi ya maziwa. Lakini uwe mkavu. Mpingo hukauka polepole mno, na kibao chembamba cha mti mbichi kitajikunja mfukoni mwa mteja, si mezani kwako. Mimi vipande navipaka nta kwenye ncha na kuviweka juu ya dari mwaka mzima. Na mvae barakoa: vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, hasa kwa aliyelizoea akidhani limemzoea.

Pasua kipande kimoja katikati ili vibao viwili vitoke mwili mmoja na mistari yake ielekeane. Viache na unene wa milimita 4 hivi. Mwishoni vitafuata unene wa kibao cha zamani.

Hapa ndipo pa kutulia. Bandika msasa namba 120 juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Chora uso wa ndani wa kibao kwa penseli, mistari ya kukatana kama wavu wa samaki, kisha sugua kwa mduara. Penseli itafutika kwanza kwenye vilima na kubaki kwenye mabonde. Usiache mpaka mistari yote iondoke kwa pamoja. Ukikiweka kibao juu ya bati na kukielekeza kwenye mwanga, usione uzi wa mwanga popote.

Halafu vichwa vya ribiti. Usipime kwa rula. Vipake rangi ya mdomo, weka kibao mahali pake, bonyeza mara moja, inua. Alama zitakuwa zimejichapa zenyewe. Toboa hapo bila kutokea upande wa pili. Zungushia keekee kipande cha utepe kuonyesha kina. Tundu liwe pana kidogo kuliko kichwa, maana kinachoshika sasa ni gundi. Nafasi za kibanio na kijiti cha meno mimi huziacha. Anayezitaka aongeze pesa.

Mpingo una mafuta, kwa hiyo futa uso wa ndani kwa asetoni kabla ya gundi ya epoksi. Paka vaselini kwenye kingo za springi na kila mahali panapozunguka. Gundi kidogo tu, katikati, mbali na kingo. Bana kwa klempu bila kutumia nguvu za seremala wa milango, na kabla haijashika, fungua na funga kila bapa mara mbili tatu. Kisha kiache kisu saa 24. Hatua hiyo ya kufungua na kufunga ndiyo niliyoiruka kwa kisu cha yule mzee.

Kung'arisha mnakujua: tupa, msasa 240, 400, 800, nta ya nyuki. Mafuta ya nazi hapana. Hayakauki, na yatakusanya vumbi la mfukoni.

Kuhusu sheria: tangu Januari 2017 mpingo na jamii yake ya Dalbergia umo katika Kiambatisho cha II cha CITES, isipokuwa Dalbergia nigra iliyo katika Kiambatisho cha I. Nunua kwa mwenye kibali, tunza risiti, na mteja wa kusafiri na kisu hicho nje ya nchi aulize mapema. Akija mtu na pembe ya ndovu, mrudishie. Pembe ya ng'ombe iliyochemshwa na kunyooshwa kwenye jiliwa inatosha.

Mchana tutakuwa na vioo viwili na msasa wa kutosha. Waliokuja na visu vyao wavivue vibao kabla ya chakula.