UVIKO bado ipo: tuipimeje hatari?

Msikilizaji, tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Wengi wetu tukasikia "imekwisha". Haikusemwa hivyo. Kirusi kingali kinazunguka na kubadilika, na kinga uliyoipata kwa chanjo au kwa kuugua hupungua nguvu baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana mtu huambukizwa tena, ingawa kinga dhidi ya ugonjwa mkali hudumu zaidi.

Basi tuvae barakoa mpaka kitandani? Hapana, hata mimi ilinichosha. Jiulize tu: nani yupo, na hewa ikoje? Sokoni, mahali pa wazi, hatari ni ndogo. Daladala ya jioni, mvua inanyesha, vioo vyote vimefungwa na abiria wawili wanakohoa, hapo ni habari nyingine. Kirusi hiki huelea hewani kama moshi wa sigara. Sukuma kioo, hata vidole viwili. Jirani akinuna, mwache anune.

Kijana mwenye afya mara nyingi hulala siku chache akainuka, japo wapo wanaobaki na uchovu kwa miezi. Bibi mwenye kisukari hesabu yake ni tofauti. Mwenye mafua aahirishe kwenda kumsalimia. Kama hana budi, avae barakoa, wakae barazani. Na bibi mwenyewe akipata homa na kubanwa kifua, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, asisubirishwe eti tangawizi ifanye kazi.