Kila Mtoto Chini ya Mama Yake

Yosefu alipoita jamaa yake Misri, Mwanzo 46 inahesabu watu 70, kila mtoto chini ya mama yake: Lea, Zilpa, Raheli, Bilha. Hakuna aliyebadilishiwa mama.

Ndugu aliyefika Marekani kama mkimbizi ana miaka 2 ya kuita bibi ao bwana yake, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Fomu hiyo, I-730, hailipiwi. Inauma kumwacha yatima wa dada yako. Lakini ukiandika kwamba umemzaa, kipimo cha ADN kinaweza kukuumbua, na mlango ukafungwa hata kwa wako. Andika kweli. Mungu wa Yosefu hahitaji uongo wetu. Amina.