Kicheko kinapokuwa ugonjwa

Juma hili nazungumzia kicheko. Si kile cha harusini wala cha kijiweni, bali kicheko kinachomjia mtoto ghafla, pasipo kichekesho, kikakoma baada ya muda mfupi, kisha kikarudi tena na tena. Mtazame usoni: hana furaha yoyote.

Hicho chaweza kuwa kifafa. Wapo watoto wanaozaliwa na uvimbe mdogo uitwao hamatoma, chini kabisa ya ubongo, katika sehemu inayoongoza homoni. Si saratani, wala hausambai. Lakini mahali ulipokaa, huweza pia kuamsha balehe kabla ya wakati: msichana akaota matiti kabla ya miaka 8, mvulana akaanza kupevuka kabla ya miaka 9. Ni nadra sana. Nchini Sweden watafiti walikadiria mtoto 1 kati ya 200,000.

Mtaniuliza, kwa nini basi niusemee? Kwa sababu mtoto wa namna hii huhukumiwa kabla hajafika kwa daktari. Akicheka msibani, wanasema hana adabu au ana mashetani. Akivunja ungo darasa la kwanza, majirani wananong'ona juu ya mama yake. Na wapo wanaume wanaoutazama mwili wakasahau umri. Jamani, mtoto wa miaka 6 ni mtoto!

Kifafa hapa Kilimanjaro si kigeni. Utafiti wa wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2012, uliwakuta watoto 112 wenye kifafa kati ya 38,523 wa miaka 6 hadi 14. Vyanzo ni vingi, na hamatoma ni kimoja tu, tena cha nadra. Ila hakuna chanzo kinachogunduliwa kwa mganga wa ramli.

Mzazi, andika siku na saa ya kila kicheko. Mpime mtoto kimo. Nenda zahanati, uombe rufaa ya Mawenzi au KCMC. Picha ya MRI ndiyo huonyesha vizuri uvimbe huo. Ziko sindano za kusimamisha balehe, ili mtoto asiache kurefuka mapema. Vidonge vya kifafa mara nyingi havikiwezi kicheko hiki, na wengine huhitaji upasuaji wa kibingwa; hata hivyo usimwachishe dawa bila daktari.

Mtoto acheke kwa furaha yake. Tukutane juma lijalo.